Kofia Ndogo za Idi



Kofia ya viua hushonwa vipande viwili, duara la juu na ukingo wa pembeni, kijitundu kwa kijitundu, kwa majuma mengi. Nyuzi zibakizo hufagiliwa. Mwaka huu, hapa Kizingitini, tulizikusanya pamoja na vikorokoro vya nguo, tukashona kofia za watoto wachanga kwa ajili ya Idi. Rangi hazikulingana, nasi twakiri kwamba mbili zilikwenda upande. Walakini mama mmoja, ambaye mumewe yu baharini akitafuta kamba koche, alimvika mwanawe hata kabla hatujakata uzi wa mwisho. Twaomba kila mshonaji atuwekee mabaki yake. Idi Kubwa i karibu, na watoto waliosalia ni saba.