Mgonjwa Asiyeweza Kutoka Nyumbani



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, tunausiana, sisi na nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tunazungumza juu ya mgonjwa asiyeonekana. Naye ni yule mzazi aliyekuwa safu ya mbele msikitini, na sasa miguu imemshinda, yu kitandani chumba cha ndani. Tukiulizwa hali yake hujibu kuwa ni uzee tu. Siku akizidiwa ndipo tunapomkimbiza hospitali juu ya mkokoteni, na pengine tumekwisha chelewa.

Tuitazame sheria yetu ilivyomhurumia mgonjwa. Asiyeweza kusimama husali kwa kukaa. Asiyeweza kukaa husali kwa kulala ubavu. Na ambaye maji yatamdhuru hutayamamu. Basi ikiwa Sala, iliyo nguzo ya dini, imemwendea kitandani, vipi sisi tumwambie mzazi wetu kuwa matibabu lazima ayafuate mwenyewe?

Wajibu wetu ni kumleta mtaalamu nyumbani. Twende zahanati ya karibu, tumweleze mganga hali ilivyo, tuulize kama yeye au muuguzi aweza kufika, lini, na kwa gharama gani. Panapo mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Tanzania mwaka 2024, tumpitie huyo kwanza. Mgonjwa akiwa mama, tuombe muuguzi mwanamke. Tukusanye dawa zake zote mahali pamoja, hata za mitishamba, wala tusifiche moja kwa kuona haya. Tuandike tangu lini ameacha kutembea, ameanguka mara ngapi, na anakula nini.

Tumwombe mtaalamu asiishie kwenye presha na sukari. Atazame mgongo, nyonga na visigino, kwani kidonda cha kulala huanza na doa dogo la ngozi. Aone mgonjwa anavyoinuka, kizingiti anachokivuka, na njia ya kwendea chooni. Hayo hospitalini hayaonekani. Na maswali aulizwe mgonjwa mwenyewe: miguu imemshinda, ulimi haujamshinda. Ikiamuliwa kuwa lazima apelekwe hospitali, tusibishane.

Ndugu Waislamu, wako majirani wasio na uwezo wa kumlipa mganga. Sisi ni wepesi wa kuchanga fedha za sanda. Tuchange na nauli ya muuguzi, mgonjwa angali hai.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wahurumie wazee wetu, na utujaalie tuwatumikie bila ya kuchoka. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.