Zakayo Alishuka Kwanza

Jumapili ya 31 ya Mwaka C. Injili: Luka 19:1–10



Injili ya leo yatupeleka Yeriko, nyumbani kwa Zakayo, mkuu wa watoza ushuru. Mtu huyu mfupi wa kimo alipanda mkuyu apate kumwona Yesu. Bwana alipofika chini ya mti ule alimwita ashuke upesi, kwa kuwa siku ile alitaka kukaa nyumbani mwake. Zakayo akashuka, akampokea kwa furaha. Kisha akasimama, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kama alimpunja mtu yeyote, kumrudishia mara nne. Tuuangalie mfuatano huo: alishuka, kisha akalipa. Wala hakulipa ili apewe ruhusa ya kuendelea kupunja.

Leo tulitafakari fundisho hili kwa kutazama deni ambalo hatujazoea kulihesabu, yaani deni la safari zetu.

Tuchukue mfano wa karibu. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, waumini wengi hukodi mabasi kwenda kuhiji Namugongo, Uganda, mahali walipoifia imani Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake. Kutoka Bukoba, kwenda na kurudi ni yapata kilomita 600. Basi kubwa huweza kutumia lita 30 za dizeli kwa kila kilomita 100. Jumla yake ni lita 180. Kila lita ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ya ukaa. Basi letu, basi, limeacha njiani karibu nusu tani. Tukiwa mahujaji 50, fungu la kila mmoja ni kilo 10 hivi. Lakini abiria mmoja anayesafiri kwa ndege kutoka Nairobi hadi London na kurudi, fungu lake peke yake ni yapata tani moja, sawa na mabasi mawili yaliyojaa mahujaji.

Hewa hiyo haionekani, wala haijui mipaka. Hukaa angani vizazi na vizazi, ikilizuia joto la dunia lisitoke. Ukame ulioanza mwaka 2020 ukaendelea hadi 2023 uliwaangamizia mifugo wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, wa Somalia na wa kusini mwa Ethiopia. Wataalamu walieleza kwamba usingefikia ukali ule bila ongezeko la joto duniani. Wengi wa wafugaji hao hawajapata kupanda ndege maishani mwao. Hao ndio waliopunjwa.

Ndipo watu wa nia njema husema: tupande miti, ilipe deni hili. Nasi twasema ni jambo jema, ila tuielewe hesabu yake. Mti hunyonya hewa ya ukaa na kuihifadhi katika shina, matawi na mizizi. Mti uliokwisha kukua hukadiriwa kunyonya kilo 20 hivi kwa mwaka, kutegemea aina yake, udongo na mvua. Mche wa leo hunyonya kidogo mno. Moshi wa safari hutoka kwa siku mbili, na mti huulipa kwa miaka mingi. Ukikatwa na kuchomwa kabla ya wakati, deni hurudi angani.

Hapa yatupasa kuungama. Sisi wenyewe, mwaka mmoja baada ya hija, tulipanda miche kandokando ya kanisa. Tuliibariki, tukapiga picha, tukaenda zetu. Hakuna aliyepangiwa zamu ya kumwagilia. Kiangazi kilipokuja, jua likachukua sehemu yake na mbuzi wakachukua iliyobaki. Tulikuwa tumelipa deni kwa picha.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2007 kampuni moja iliahidi kupanda msitu nchini Hungaria ili kufidia hewa ya ukaa ya Vatikani, nayo Vatikani ikaipokea zawadi hiyo. Mwaka 2010 waandishi wa habari waliripoti kwamba miti ile haikuwa imepandwa.

Lakini pako mahali ambapo ahadi imetunzwa. Huko Gazi, kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa, wanakijiji wa Gazi na Makongeni hulinda na kupanda mikoko kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 wametunza hekta 117, na watu wa mbali wanaotaka kufidia moshi wao huwalipa kwa kazi hiyo. Fedha hizo zimewapatia wanakijiji maji na kusaidia shule zao. Hapo mti una mlinzi, na mlinzi ana ujira wake.

Hata hivyo, Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alituonya katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba biashara ya fidia ya namna hii yaweza kuwa kisingizio cha wenye nacho kuendelea na matumizi yao ya kupita kiasi. Huko ni kutaka kulipa bila kushuka mtini.

Tufanye nini basi? Kwanza tushuke: safari isiyo ya lazima tuiache, na ile ya lazima tuifanye kwa pamoja, basi moja lililojaa badala ya magari kumi. Pili turudishe: mahujaji wakirudi, kila jumuiya ndogo ndogo ipande miche ambayo inaweza kuitunza, hata kama ni mitano tu. Tatu tulee: makatekista waandike zamu za kumwagilia kama waandikavyo zamu za kusafisha kanisa, na baada ya miaka mitatu wahesabu miti iliyo hai. Hiyo ndiyo itangazwe mbele ya waumini.

Bwana anapita leo chini ya mti wetu na kutuita kwa jina. Atujalie moyo wa Zakayo, tushuke upesi, tumpokee kwa furaha, na kumrudishia jirani kilicho chake. Amina.