Kura ya depite wa jimbo na mabati 40

(Maneno ya mwanachama mmoja, mkazi wa Baraka, mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, mwisho wa Novemba 2023.)



Mwenyekiti amenipa nafasi niseme juu ya wagombea. Nitasema kama mkazi wa Baraka, mtu wa kawaida. Mfukoni sina karte ya chama chochote cha siasa. Niko na karte yangu ya uchaguzi na daftari ya michango ya chama hiki, basi.

Munajua tulipo. Kampanye ilifunguliwa tarehe 19 Novemba, itafungwa tarehe 18 Desemba, na tarehe 20 tunapiga kura. Kutoka Mboko mpaka Kazimia, kutoka soko la hapa mpaka Fizi-centre kule juu, picha za wagombea ziko kila mahali, hata kwenye milango ya choo. Na munajua pia neno lililotufikia wiki iliyopita. Mgombea mmoja wa bunge la jimbo, jina lake naliacha, anasema atatupa mabati 40 kwa ajili ya depo yetu ya unga. Anaomba kitu kidogo tu: siku ya kupokea tukusanyike wote, tuvae tisheti zake, tupige picha naye.

Depo inavuja, hakuna asiyejua. Mvua ya mwezi huu imeharibu unga wa muhogo wa wajane wetu. Kwa hiyo sishangai nikisikia wengine wanasema: "Tupokee tu, mabati haina chama." Lakini mimi naomba tukatae. Sababu zangu ni hizi, muzipime.

Kwanza tujue tunampigia nani. Mwaka huu sisi wa Fizi tuko na kura tatu: ya Rais wa Jamhuri, ya depite wa taifa, na ya depite wa jimbo. Kura ya nne, ya washauri wa komuna, iko kwenye makao makuu ya majimbo tu, kama Bukavu. Huku kwetu bado. Katiba yetu ni ya 2006, na tangu wakati huo meya na chefu wa sekta hatujawahi kumpata kwa njia ya kura zetu. Wanateuliwa kutoka juu. Kwa hiyo mtu wa karibu kabisa ambaye sisi wenyewe tunamchagua na tunaweza kumwondoa ni depite wa jimbo. Karibu, nasema, lakini anakaa Bukavu, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, nyuma ya milima ya Ngomo.

Sasa angalieni jinsi tunavyofanya. Kwa Rais, tunabishana usiku mzima. Kwa depite wa taifa, tunabishana kidogo. Kwa depite wa jimbo, tunampa yule aliyeleta chumvi na sabuni, tunasema "hiyo ni kura ndogo." Si ndogo hata kidogo.

Depite wa jimbo anafanya kazi nne. Anachagua guvernere. Anachagua maseneta. Anapitisha bajeti ya jimbo pamoja na zile sheria za jimbo zinazoitwa edi. Tena anaweza kumwita guvernere na mawaziri wake wajibu maswali, na wakishindwa, bunge linaweza kuwaangusha. Mimi na wewe hatumchagui guvernere. Tunampa mtu mwingine haki ya kumchagua kwa niaba yetu.

Hapo ndipo mabati yanaingia. Munakumbuka Machi 2019? Mabunge ya majimbo yalichagua maseneta, na mara moja nchi nzima ikajaa malalamiko kwamba kura za madepite zilinunuliwa kwa dola. Rais akasimamisha kwanza kuingia kazini kwa maseneta wale, na uchaguzi wa maguvernere ukaahirishwa. Baadaye mambo yakaendelea. Lakini tulijifunza kitu: kura yako ya Baraka ina soko la pili. Wewe unaiuza hapa kwa kilo moja ya sukari, yule aliyeinunua anaenda kuiuza tena Bukavu kwa bei ambayo wewe hutaisikia kamwe. Mtu aliyetumia pesa nyingi kufika kule atazitafuta zirudi. Wazee walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mabati 40 ni mkopo, na watakaoulipa ni watoto wa mtaa huu, kwa barabara isiyotengenezwa na mwalimu asiyelipwa.

Wengine wataniuliza: "Sasa huyo depite anaweza kutuletea nini, kama si mabati?" Swali zuri. Niwape hesabu moja tu, hata asiyesoma aishike kichwani. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayotoka jimboni ibaki kwa jimbo. Na sheria ya 2008 juu ya maeneo yanayojitawala inasema, katika ile sehemu ya jimbo, asilimia 40 ishuke kwa miji, komuna, sekta na sheferi. Kwa hiyo katika kila faranga 100, jimbo libaki na 40, na katika hizo 40, faranga 16 zishuke mpaka chini. Chini ni nani? Ni mji wa Baraka. Ni sekta zetu nne za Fizi: Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge. Sheria iko, lakini pesa hazifuati sheria. Kinshasa inatuma kidogo na kwa kuchelewa, na Bukavu nayo inashusha kidogo zaidi. Mtu mwenye kazi ya kusimama bungeni na kuuliza "faranga zetu 16 ziko wapi?" ni depite wa jimbo. Swali moja kama hilo, likiulizwa kila mwaka bila kuchoka, linashinda mabati 40.

Kwa hiyo tusimchukie mgombea, tumuulize. Nimeandika maswali matano.

La kwanza: utampigia kura guvernere wa namna gani, na utarudi hapa kutuambia kwa nini? Kura yake ni ya siri, sawa, lakini mdomo wake si wa siri.

La pili: zile faranga 16. Kama hajui habari yake, huyo hajajua kazi anayoomba.

La tatu: ardhi. Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu hapa ndipo wanatukamata sisi tuliorudi. Tangu 2005 watu walianza kushuka kwenye meli kutoka Kigoma, na wengi walikuta kiwanja au shamba la baba lina mtu mwingine. Mgombea anakuja usiku, anasema: "Nichague, nitamtoa yule." Mama, baba, depite hana nguvu ya kumtoa mtu kwenye kiwanja. Hiyo ni kazi ya wazee, ya chefu, na ikishindikana ya mahakama. Tena yule anayekaa pale mara nyingi naye alikimbia vita kutoka milimani, naye ana watoto. Anayekuahidi kumtoa leo, jana alikuwa kwake anamwahidi kwamba hutarudi. Cha kumuuliza depite ni hiki: je, utadai kwenye bajeti pesa za kupima viwanja na za kuwasaidia wapatanishi wa vijiji? Na karatasi za kiwanja, nani atazishusha bei?

La nne: chama chako kinafika kwenye kizingiti? Wengi hawajui jambo hili. Sheria ya uchaguzi inataka orodha ya chama ipate angalau asilimia 3 ya kura halali za jimbo zima, kwa bunge la jimbo. Kwa bunge la taifa ni asilimia 1 ya nchi nzima. Chama kisipofika hapo, hata kama mtu wake ameongoza hapa Fizi kwa kura nyingi, hapati kiti. Kura zenu zinamwagika. Ndiyo maana unaona mtu anapendwa na kijiji kizima, halafu anaenda bungeni mwingine ambaye hamkumtaja. Mgombea mzuri kwenye chama kisichojulikana Bukavu wala Uvira wala Shabunda ni mtumbwi mzuri usio na kasia. Tumuulize mapema: chama chako kina watu wapi tena katika jimbo hili?

La tano ni la wagombea wanawake, na ninalisema kwa heshima. Sheria iliyorekebishwa 2022 inasema orodha yenye wanawake nusu au zaidi hailipi ile dhamana ya CENI. Ni jambo jema, limefungua mlango. Lakini kuna vyama vilivyoandika majina ya mama zetu ili kuokoa pesa tu, bila kuwapa hata picha moja ya kubandika. Tukimwona mama kwenye orodha, tumtafute, tumsikilize yeye mwenyewe. Pengine ndiye anayejua bei ya ndagala na ya dawa kuliko wote.

Kuna aina moja ya mgombea ambaye mimi simuulizi swali. Ni yule anayekuja na kabila. "Mchague wa kwenu, la sivyo wale watakula nchi." Sisi tunajua maneno hayo yalitupeleka wapi. Yalitupeleka Lugufu, yakatupeleka Nyarugusu, miaka kumi, ishirini, tukipanga foleni ya unga wa njano. Katika chama hiki tunachangia mazishi ya kila mmoja bila kuuliza ukoo wake. Mtu anayetaka kura kwa kutupasua hana kazi na sisi, hata aje na mabati elfu.

Na tukumbuke ndugu zetu waliobaki kambini. Mwaka huu kwa mara ya kwanza Wakongomani wa nje wanapiga kura, lakini ni wale wa nchi tano tu: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Kanada na Marekani. Tena wanapiga ya Rais peke yake. Tanzania haimo. Maelfu walioko Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa hili tunaloliona kila asubuhi, hawana kura yoyote. Wanasubiri sisi tuwaambie kama kurudi kunawezekana. Kila mmoja wetu hapa anapiga kura kwa ajili yake na kwa ajili ya mtu mmoja wa ng'ambo. Ukiiuza, unauza na ya yule asiyekuwepo.

Sasa nifike kwenye jambo la leo. Naomba mkutano huu uamue mambo matatu.

Moja, sanduku letu na depo yetu visipokee kitu chochote cha mgombea mpaka matokeo yatangazwe. Baada ya hapo, mwenye moyo wa kusaidia aje, awe ameshinda au ameshindwa, aandikwe kwenye daftari kama mfadhili mwingine yeyote, bila tisheti. Hii inatulinda pia mbele ya wafadhili wetu. Wao wanatoa kwa ajili ya wagonjwa, wajane na karo za watoto. Siku wakiona picha yetu kwenye bango la mgombea, wataanza kujiuliza pesa yao inaenda wapi, na watakuwa na haki.

Mbili, tufungue mlango kwa wagombea wote, kila mmoja na nusu saa yake, na maswali yaleyale matano. Katibu aandike majibu. Desemba ya mwaka kesho tuyasome tena kwa sauti, mbele ya aliyechaguliwa kama atakubali kuja, na kama atakataa, tuyasome hata hivyo.

Tatu, siku ya tarehe 20, vijana wetu wawasaidie wazee kufika kwenye biro ya kura. Waelezeni mapema ile mashini: unagusa picha na namba ya mtu wako, karatasi inatoka, unaiangalia, unaitia kwenye sanduku. Asiyejua asione aibu kuuliza kabla. Na wale wanaosoma Kifaransa wabaki jioni mpaka matokeo yabandikwe mlangoni, wayanakili.

Na paa? Paa liko. Nimehesabu: tuko wanachama wa kutosha hapa kwamba kila nyumba ikitoa kidogo mwezi huu na mwezi ujao, tutapata mabati ya upande unaovuja, hata kama si yote 40. Upande mwingine utasubiri. Unga tuuhamishie kwenye nyumba za wanachama walio karibu na depo mpaka mvua zipungue. Mimi nyumbani kwangu napokea magunia manne kuanzia kesho.

Nimemaliza. Anayepinga asimame, tumsikilize, halafu tupige kura yetu ya hapa kwanza, kwa mikono.