Dozi Moja na Aina Zinazobaki

Suala la uchambuzi wa leo ni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kabla ya kuhamia mwaka 2024 kwenye dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Ikumbukwe kwamba virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa kifupi kama HPV, vina aina zaidi ya 200, na zile za sehemu za siri huenezwa hasa kwa kujamiiana. Aina ya 6 na ya 11 huleta masundosundo, ilhali ya 16 na ya 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo.

Kwa upande mmoja, hofu ya wazazi kwamba chanjo huharibu uzazi haina ushahidi wa kitabibu, na kwa hakika ni matibabu ya saratani yenyewe ambayo huweza kumwondolea mwanamke kizazi. Kwa upande wa pili, hoja kwamba sindano hailindi dhidi ya aina zote ni ya kweli, na ndiyo sababu hata aliyechanjwa atahitaji uchunguzi akifikia utu uzima, kwa mfano ule wa kupaka asidi ya siki ili sehemu zilizobadilika zigeuke nyeupe. Kipimo hicho ni chepesi, ingawa hakipigiwi debe kama chanjo.

Linalobaki ni swali: mama anayeridhia bintiye achanjwe, yeye mwenyewe atapimwa lini?