Mzee na Bahasha ya Dawa

Mwaka 2004, huko Eldoret, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe.

Sasa mfikirini mzee wa Mkokoni, mkabala na kisiwa cha Kiwayu, aliyepewa vidonge katika bahasha iliyoandikwa 1×3. Asipojua kusoma, humngoja mjukuu amwambie: kimoja, mara tatu kwa siku. Na mjukuu akiwa baharini, je?

Ndugu, kisomo cha ngumbaru si cha kupitisha wakati. Ni afya ya mzee na heshima yake. Naye ni jirani yetu, awe wa kanisa au wa msikiti. Umpelekeapo sukari, keti naye, umfundishe kuisoma bahasha yake. Mungu atusaidie. Amina.