Ualimu wa Thailand: anzia kwenye viza

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, tulitazame jambo moja: kazi za kufundisha Kiingereza ng'ambo.

Mwaka 2022, Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaonya vijana kuhusu ajira bandia za Thailand. Baadhi ya walionaswa walitua Bangkok, wakapakiwa garini hadi mpakani Mae Sot, wakavushwa mto Moei na kujikuta Myawaddy, Myanmar. Huko, badala ya chaki, walikabidhiwa kompyuta na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Sasa, mtego huu unatambulikaje? Anzia kwenye viza. Kufundisha Thailand kwa viza ya utalii ni kosa. Mwalimu halali huhitaji viza inayoruhusu ajira, na kibali cha kazi. Ukiambiwa, "Wewe ingia kama mtalii, mengine tutayamaliza huku," simama hapo hapo. Shule ya kweli itataka kuona shahada yako, itakusaili, itakwambia utafundisha darasa la ngapi. Tapeli anaharakisha pasipoti yako tu.

Kwa upande mwingine, nafasi za kweli zipo, na wapo Waafrika wanaofundisha huko kwa heshima. Wala simlaumu kijana aliyezungusha bahasha ya vyeti Nairobi miaka mitatu bila kuitwa. Lakini kabla hujamwamini wakala, orodha ya mawakala waliosajiliwa iko kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira ya Kenya. Iulizie.

Nakuachia swali, mzazi: mwanao akija na tiketi ya Bangkok iliyolipwa na mtu asiyemjua, utamuuliza nini kabla hajafunga begi?