Mtoto Hasahau
Maneno kwa wazee na walimu, siku ya yubile

Katika yubile hii tumehesabu makanisa, shule na wabatizwa. Yafaa sasa tuwahesabu na watoto waliokuja kwetu na jeraha lisiloonekana: waliofiwa na wazazi, waliopigwa pasipo kiasi, waliokimbia vita, walioona nyumbani mambo yasiyompasa mtoto kuyaona.

Sisi wakubwa tumezoea kusema, "Mtoto husahau." Sivyo. Kinywa kikinyamaza, mwili hukumbuka. Mtoto aliyeishi katika hofu hukaa macho kama mlinzi wa shamba wakati wa nguruwe: mlango ukigongwa hushtuka, usiku huota ndoto mbaya, pengine hukojoa kitandani ingawa ni mkubwa, darasani hasikii somo, hukasirika upesi. Nasi humwita mkaidi, tukamwongezea fimbo. Na kila fimbo yamhakikishia ya kuwa alikuwa na haki kuogopa.

Katika kisiwa cha Kauai, mojawapo cha visiwa vya Hawaii, walizaliwa watoto 698 mwaka wa 1955, na mtaalamu Emmy Werner pamoja na wenzake waliwafuata hata wakawa watu wazima. Karibu theluthi yao walilelewa katika shida nyingi: umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi, ugonjwa wa akili nyumbani. Wengi wa hao waliharibikiwa kabla ya kutimiza miaka 18. Lakini mmoja katika kila watatu alikua mtu thabiti, mwenye kujiweza na kuwajali wengine. Sababu zilikuwa kadhaa, na moja ilionekana tena na tena: alikuwapo mtu mzima, japo si mzazi, pengine bibi, shangazi, mwalimu au jirani, aliyemshika mtoto yule asimwache. Tena wengi wa wale waliopotea ujanani walikuwa wamesimama tena walipofika umri wa makamo. Basi hakuna kijana wa kukatiwa tamaa.

Nasi tufanyeje? Tuwe watu wa neno moja: tukiahidi kuja Jumamosi, tuje Jumamosi. Saa ya kula na ya kulala isibadilike ovyo. Tusimlazimishe kusimulia, lakini akisimulia, tumsikilize hata mwisho, wala tusimkatize kwa mahubiri. Akisema kwamba amechoka kuishi, tumwulize waziwazi kama ataka kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo moyoni. Kama ndivyo, tusimwache peke yake, bali tumpeleke hospitali siku ile ile. Sala haimkatazi mtu daktari.

Ndugu, kabla hatujatawanyika, kila mmoja wetu amtaje moyoni mwake mtoto mmoja. Kesho amwendee, na kesho kutwa amwendee tena. Maana mtoto aliyeachwa mara nyingi haamini ujio wa kwanza.